Sadaka na Haki

Wako wasomaji wetu wanaodhani kwamba Mkristo wa siasa za kihafidhina huko Marekani ni mnafiki tu, Biblia mkono mmoja na mkoba wa tajiri mkono wa pili. Sisi hatuikubali hukumu ya haraka namna hiyo. Imani ile ina hoja zake, na atakaye kuipinga hana budi kwanza kuielewa.

Wao wasema hivi: mwanadamu ameanguka dhambini, na Serikali ni ya wanadamu hao hao, basi kuipa mamlaka makubwa ni kumpa mwenye dhambi rungu. Mwenye njaa alishwe na jamaa zake na kanisa lake, si na mtoza kodi. Neno lile la kwanza twalikubali bila shida. Nani asiyemjua mkubwa aliyevimba kichwa kwa kuwa hapakuwa na wa kumwuliza? Lakini nasi twauliza: ikiwa dhambi imo katika kila moyo, kwa nini izuiwe katika ofisi ya Serikali, na katika ofisi ya mwenye kiwanda iachwe huru? Mshahara usiotosha chakula cha watoto nao ni kazi ya mikono ya mwanadamu.

Tena historia yao yataka kusomwa kwa makini. Mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alihubiri mwaka 1965 kwamba wahubiri wameitwa kuokoa roho, si kufanya siasa. Aliwakusudia wachungaji walioandamana kudai haki za Weusi. Mwaka 1979 yeye huyo huyo akaanzisha umoja wa kisiasa ulioitwa Moral Majority, nao ukamwunga mkono Ronald Reagan katika uchaguzi wa 1980. Wengi husema kwamba kilichowaamsha ni utoaji mimba peke yake. Lakini mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu jambo hilo katika hali fulani, kama vile mwanamke aliyenajisiwa. Kilichowachoma viongozi wao miaka ile kilikuwa pia kodi: Serikali ilianza kuzinyima msamaha wa kodi shule za binafsi zilizobagua Weusi, na Chuo cha Bob Jones kilishindwa kesi ya namna hiyo katika Mahakama ya Juu mwaka 1983. Hatusemi kwamba kila muumini wa leo anayepinga utoaji mimba ni mbaguzi. Wengi wanaamini kwa moyo safi, na mwaka 2022 Mahakama hiyo iliwapa walichokitafuta.

Wala tusiwe wasahaulifu. Mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, uliungwa mkono na Wakristo wengi wa siasa hizo, na Tanzania ilikuwa katika nchi 15 za kwanza. Wako wazazi wanaolea watoto wao leo kwa sababu ya dawa zile. Sheria yake ilikuja na sharti: theluthi ya fedha za kinga itumike kwa mafundisho ya kujizuia mpaka ndoa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2008.

Hapo ndipo tunapoachana nao. Sadaka hutolewa na mwenye mali, kwa wakati aupendao na kwa masharti yake. Mwezi Januari 2025 Rais Donald Trump, aliyepigiwa kura na wengi wa Wakristo weupe wa mkondo huo, alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa baadaye, lakini wahudumu wa afya katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kusimamishwa kazi. Mgonjwa hakuwa na baraza la kupeleka shauri lake, maana hapakuwa na haki iliyovunjwa. Palikuwa na hisani iliyokoma. Sisi twashika kwamba tiba, elimu na ujira wa kutosha ni deni la jamii kwa kila mtu wake, naye aweza kulidai akiwa amesimama wima.

Na tusiambiwe kwamba hayo ni maneno ya wasiomjua Mungu. Martin Luther King alikuwa mhubiri wa Kibaptisti kama Falwell, na Biblia yao ilikuwa moja. Alipopigwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968, alikuwa amekwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma.