Fagia ya Gikomba si bure: nani atalipa mshono?

Ukitaka kuona vile dunia inashona nguo kupita kiasi, shuka Gikomba jioni wauzaji wakifungasha. Asubuhi robota likifunguliwa, wenye maduka hupigania "kamera", zile nguo safi kabisa. Zinazobaki hushuka bei hadi zinaitwa "fagia". Huko ndiko mimi hununua.

Mwezi uliopita nilichagua jinzi tatu, shilingi 50 kila moja. Zilikuwa na matundu magotini na zipu mbovu, lakini kitambaa kilikuwa bado imara. Fundi akazifumua, akatupa palipochakaa, akanishonea jaketi moja. Zipu na uzi, 150. Fundi, 700. Jumla, thao moja. Nikalipiga picha, nikaliweka mtandaoni kwa 1,500. Jibu la kwanza: "Si hii ni mitumba tu? Niko na mia sita."

Mia sita! Hata fundi peke yake haimtoshi. Na hapo ndipo tunapojidanganya. Tunapenda sana hadithi ya nguo kuukuu kupewa maisha mapya, lakini bei ikitajwa tunahesabu kitambaa na kusahau mikono.

Sasa tazama ng'ambo. Mwaka 2018 ilibainika kuwa Burberry ya Uingereza iliharibu bidhaa zake za zaidi ya pauni milioni 28 ndani ya mwaka mmoja, zisije zikauzwa kwa bei ya chini. Ufaransa ikapitisha sheria mwaka 2020 ya kuzuia uharibifu wa bidhaa zisizouzwa. Umoja wa Ulaya nao ukafuata mwaka 2024: kampuni kubwa zinazuiwa kuharibu nguo na viatu visivyouzwa kuanzia Julai 2026.

Ni habari njema. Lakini jiulize: zisipochomwa, zitaenda wapi? Wabunifu wa huko watazishona upya kiasi. Hofu yangu ni kwamba nyingine zitapakiwa kwenye kontena, na sisi tunajua kontena huishia wapi.

Mama anayeuza Gikomba hununua robota likiwa limefungwa. Akikuta uchafu ndani, hasara ni yake. Zisizouzika huishia Dandora au kwenye Mto Nairobi, hapo hapo kando ya soko. Yaani wao walitengeneza, sisi tunafagia.

Kwa hivyo usiniambie ubunifu wa vijana pekee utamaliza shida hii. Fundi mmoja na cherehani yake hawezi kushindana na kontena. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayomtaka anayeingiza bidhaa sokoni aiwajibikie hadi inapogeuka taka. Ifike kwenye nguo pia. Anayeleta marobota achangie gharama ya kuchambua, na pesa hizo ziwafikie mafundi: cherehani, umeme, mahali pa kufanyia kazi.

Na wewe unayesoma kwa simu, una sehemu yako. Ukiona jaketi la fagia lililoshonwa upya, bishana bei kama kawaida, hakuna ubaya. Ila anza kuhesabu kwa fundi, si kwa kitambaa.

Langu bado liko. 1,500. Mia sita sitaki.