MACHO YA MFANYAKAZI MWENYE KISUKARI

Wako wengi wadhanio kuwa kazi ya daktari bingwa wa macho ni kupima miwani na kutoa mtoto wa jicho. Ni kweli kwamba mtoto wa jicho ndiye apofushaye watu wengi zaidi duniani, na upasuaji humrudishia mgonjwa nuru aliyokwisha kuipoteza. Lakini dhana hiyo ina hatari, maana humfundisha mtu kungoja mpaka aone giza ndipo aende hospitali.

Kwa mwenye kisukari, kungoja huko ndiko kunakompofusha. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu vijishipa vya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru. Vijishipa huvuja, vingine huziba, kisha huota vipya vilivyo dhaifu, navyo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hayo yote huendelea bila maumivu. Mtu aweza kusoma gazeti hili bila taabu siku ile ile ambayo daktari angeona hatari kubwa. Presha ya macho nayo ina hila hiyo hiyo.

Tiba ipo. Mwaka 1976 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa kuchoma retina kwa mionzi ya leza hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya upofu kwa wagonjwa waliofikia hali hiyo. Siku hizi ziko na sindano za jicho. Lakini tiba hizi hulinda nuru iliyobaki. Iliyokwisha kupotea ni nadra kurudi yote. Kwa hiyo shauri lote ni kuwahi.

Huko England wagonjwa wa kisukari walianza mwaka 2003 kupigwa picha za macho kila mwaka kwa mpango wa taifa zima. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza katika miaka 50, kisukari hakikuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi huko England na Wales.

Hapa Tanzania mabingwa wa macho ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kumwambia mkata mkonge asafiri kila mwaka kumfuata bingwa ni kumdhihaki. Lakini kupiga picha hakuhitaji bingwa. Muuguzi aliyefundishwa aweza kuipiga, na bingwa akaisoma akiwa mbali. Basi kamera na ikae katika kliniki ya kisukari, pale mgonjwa anapofuata dawa zake. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, twataka uchunguzi huu uhesabiwe kuwa haki ya kila mwenye kisukari.

Liko na jambo la waajiri. Dereva aliyetiwa dawa ya kupanua mboni haoni sawasawa kwa saa kadhaa. Hawezi kushika usukani, wala mwenzake hawezi kusimamia mashine. Matawi ya wafanyakazi na yawaulize waajiri sasa: siku hiyo moja kwa mwaka, mshahara utalipwa au utakatwa?