Gobore la mjomba darini

Na Saidi Nankoma

Matanga yakishaanuliwa, ukoo hukaa kugawana kilichobaki: mikorosho, baiskeli, vyombo vya ndani. Huku Newala na Masasi, ambako kwa desturi ya ukoo wa mama mpwa ndiye humrithi mjomba, mara nyingine kuna kitu ambacho hakuna anayetaka kukitaja kwa sauti. Ni gobore au shotgun iliyoviringishwa kwenye gunia darini, haina namba ya usajili wala karatasi. Wazee hutazamana. Mwisho mpwa huambiwa aiache hapohapo.

Ushauri huo ni wa hatari kuliko bunduki yenyewe.

Silaha si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa katika vita vya Majimaji. Novemba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na jeshi lake, na siku chache baadaye kikosi cha Kapteni Tafel, kilichokuwa kikimfuata, kikasalimu amri. Kuanzia 1964 ikaja vita ya ukombozi wa Msumbiji, ng'ambo ya mto. Lakini magobore mengi hayana hata historia hiyo kubwa. Mkulima alilitaka la kufukuzia nguruwe pori wanaomaliza muhogo, akalitumia, akazeeka, akafa.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haiangalii nia hiyo. Leseni hupewa mtu kwa jina lake, hairithiwi pamoja na shamba. Hata bunduki iliyosajiliwa, mwenyewe akifariki, familia inapaswa kuifikisha polisi na mrithi aombe upya kuimiliki. Isiyosajiliwa humwingiza aliyekutwa nayo kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu ya makosa hayo ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kijana wa miaka 25 anaweza kutoka gerezani akiwa na wajukuu, kwa chuma ambacho hajawahi kukifyatua.

Njia salama imewahi kufunguliwa. Mwaka 2022, na tena 2023, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Hamad Masauni, alitangaza msamaha wa Septemba na Oktoba: atakayesalimisha silaha kwa hiari, kituoni au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, hashitakiwi. Septemba ndio mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba huku kusini miezi hiyo ni ya korosho. Watu wako mashambani wakiokota, na tangazo la redioni huwapita. Tangazo hilo lisomwe kwenye mikutano ya vyama vya msingi vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU, na kwenye minada ya korosho, ambako mkulima hakosi.

Aliyeikuta bunduki leo asiishike, maana gobore la zamani linaweza kuwa bado limeshindiliwa baruti. Asiipakie kwenye bodaboda kuipeleka mjini. Akisimamishwa njiani, ni yeye aliyekutwa na silaha. Asiitupe chooni, na asimuuzie mtu anayesema ana shida nayo porini. Amweleze mwenyekiti wa kijiji na polisi kata, waje kuichukua mbele ya mashahidi, naye adai maandishi ya makabidhiano ayaweke pamoja na karatasi za mirathi.

Anayefanya hivyo mwezi Machi ni mwaminifu sawa na anayefanya Septemba, lakini msamaha una tarehe zake na yeye anabaki kutegemea busara ya ofisa aliyempokea. Hilo si haki. Wizara iweke utaratibu wa mwaka mzima kwa silaha za urithi, na wabunge wa Newala na Masasi waliulizie bungeni.