Mbele ya kununua motoka ya mbio iliyokwisha kutumika



Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa kikundi. Mwana wake wa kiume anafanya kazi, hajaoa bado, naye ameona Toyota Altezza inauzwa hapa Lubumbashi. Feza zake hazitoshi. Anamwomba mama yake ampe zamu yake ya likelemba ili ajazie, kisha atamrudishia kidogo kidogo. Zamu hiyo ilikuwa imewekwa kwa minervali ya wadogo wake wawili walio sekondari, mwezi wa tisa. Mama anauliza: nikubali au nikatae?

Kijana anayetoka jasho ana haki ya kutamani kitu kizuri, tusimcheke. Lakini mama anayetoa feza ana haki ya kujua anazitoa juu ya kitu gani. Basi tuiangalie kwanza motoka yenyewe, halafu hesabu, halafu karatasi. Jibu litakuja mwishoni.

Motoka yenyewe

Altezza ilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Katika inchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Maana yake, hata ile changa kabisa imekwisha kufika miaka makumi mawili. Ziko za aina mbili: AS200 yenye moteri ya silinda sita, na RS200 yenye silinda nne, ambayo ndiyo ya mbio zaidi. Namba ya shasi hutofautisha: ya RS200 huanza kwa SXE10, ya AS200 kwa kawaida huanza kwa GXE10. Muuzaji akitaja bei ya RS200, na namba inasema GXE10, mazungumzo yaanze upya.

Kwa nini Wajapani wanaziachilia? Kwao kila motoka inapitishwa kwenye ukaguzi wa serikali: wa kwanza baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Ukaguzi huo unagharimu, na wengi wanaona heri kuuza. Kwa hiyo motoka iliyouzwa Japani si lazima iwe mbovu. Shida ya motoka ya mbio ni nyingine: mara nyingi ilipita mikononi mwa vijana. Walikata springi ili ikae chini, walibadilisha bomba la moshi ili ilie, waliteleza nayo kwenye kona. Swali si miaka yake tu. Ni nani aliyeiendesha, na namna gani.

Tena moteri yake inasukuma magurudumu ya nyuma. Kwenye lami kavu hiyo ni raha. Wakati wa mvua, kwenye udongo wa avenyu zetu, mkia unaweza kuponyoka kwa shofere asiyezoea. Na tumbo lake liko chini: kutoka chini ya motoka hadi udongo haifiki shibiri moja. Mama, pima kwa mkono wako mbele ya mlango wa nyumba, uone kama inaweza kuingia.

Usukani wa kuume

Motoka hizi zinatoka Japani zikiwa na usukani kuume, zinashuka Dar es Salaam, zinavuka Zambia na kuingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Tanzania na Zambia wanapita upande wa kushoto wa barabara, usukani huo unawafaa. Sisi tunapita upande wa kuume. Hivyo, kwenye barabara ya Likasi, shofere aliye nyuma ya kamyo ya madini haoni mbele bila kutoa karibu motoka nzima katikati ya njia. Motoka yenye nguvu inamshawishi ajaribu.

Na tuwafikirie watoto. Anayekaa kiti cha mbele upande wa kushoto hufungua mlango wake kuelekea katikati ya barabara, si kando. Mtoto asikae hapo. Akae nyuma, ashuke kwa mlango wa kuume, na mikanda ya nyuma iwepo na ifunge kweli. Wauzaji wengi wataonyesha redio. Sisi tuvute mikanda.

Hesabu

Tufanye kama darasani. Tuseme kijana anatembea kilometa 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hiyo ni kilometa 750. Motoka ya mbio ikinywa litri 12 kwa kilometa 100, atahitaji litri 90 kwa mwezi. Motoka ndogo ikinywa litri 6, atahitaji litri 45. Tofauti ni litri 45 kila mwezi, litri 540 kwa mwaka. Kila mama achukue bei ya esanse ya leo na azidishe. Hesabu hiyo ifanywe mbele ya kijana, kwa kalamu yake mwenyewe. Aongeze pia kwamba RS200 ilitengenezwa kwa esanse ya ubora wa juu, si ya chupa inayouzwa kando ya njia.

Halafu kuna bima, vinyeti ya mwaka, mipira ya magurudumu, na mkanda wa ndani wa moteri. Mkanda huo kwa kawaida hubadilishwa kwenye kilometa 100,000. Ukikatika moteri ikizunguka, unaweza kuua moteri nzima. Kama muuzaji hana ushuhuda kwamba ulibadilishwa, tuhesabu kwamba haukubadilishwa, na bei ipunguzwe kwa kiasi hicho.

Kuiangalia

Nendeni asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Chukueni fundi wenu, mumlipe wenyewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji anamtumikia muuzaji.

Gusa moteri: iwe baridi. Ikiwa moto, kuna kitu walitaka kuficha wakati wa kuiwasha. Fungua kifuniko cha mafuta ya moteri: ukiona utandu mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia ndani. Ikiwashwa, simama nyuma. Moshi wa bluu maana yake moteri inakula mafuta. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto maana yake inakula maji. Moshi mweusi maana yake esanse inapotea bure.

Inua mikeka, unuse: harufu ya ukungu na matope chini yake yanasema iliingia maji. Angalia mipira: ya nyuma ikiwa imekwisha kuliko ya mbele kwa mbali, huenda ilichezewa mchezo wa kuteleza. Kwenye ubavu wa mpira kuna tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuwa na meno mazuri na bado umezeeka.

Kilometa za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Kiatu cha shofere hakirudishwi: mpira wa pedali ya freni ukiwa umelika na kiti kimechanika, kilometa 60,000 ni hadithi. Omba kuona karatasi ya kutoka Japani, na ile ya mnada kama ipo. Kwenye karatasi ya mnada, 4 au 4.5 ni alama nzuri. Herufi R maana yake motoka ilipata ajali ikatengenezwa.

Karatasi

Namba ya shasi iliyochapwa kwenye chuma iwe sawasawa na iliyo kwenye kati roze na kwenye karatasi za forodha za DGDA. Herufi moja ikitofautiana, rudini nyumbani. Jina la anayeuza liwe ndilo lililo kwenye kati roze; kama si yeye, mwenyewe aje. Hati ya mauzo iandikwe, itiwe sahihi mbele ya mashahidi wa pande mbili. Feza za mwisho zitoke baada ya karatasi, si mbele.

Hapa neno kwa wamama walioolewa. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Familia, mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kutia sahihi mkataba. Mama akichangia feza, jina lake linaweza kuandikwa kwenye hati ya mauzo. Kufanya hivyo si kumdharau bwana. Ni kuandika yaliyotendeka kweli.

Jibu letu kwa mama

Mama, zamu ya likelemba si feza yako yote. Ukiisha kuipokea, unaendelea kuchangia mpaka wenzako wote wamepokea. Kijana akichelewa kukurudishia, wewe utabaki na madeni mawili: la shule na la wamama wenzako. Motoka ikikaa garaje miezi miwili, yeye atakuja kukuambia «mama, ngoja», na wewe utamwambia nani «ngoja»? Kwa hiyo feza ya minervali isitoke. Hilo ndilo jibu letu.

Lakini usimwache na «hapana» peke yake. Mpe fundi wako, mpe orodha hii, mpe hesabu ya litri. Mwambie aweke akiba mwenyewe mpaka atoe bei yote pamoja na kiasi cha kuitengeneza. Kama baadaye una feza nyingine isiyo na jina la mtu juu yake, unaweza kumkopesha: kiasi kiandikwe, siku za kulipa ziandikwe, na baba mdogo au yaya wake atie sahihi kama shahidi. Kama motoka hii itauzwa kwa mwingine kabla hajakamilisha, itakuja nyingine. Wadogo wake hawatapata mwezi wa tisa mwingine wa mwaka huu.

Juma lijalo tutaongea juu ya daftari la likelemba: nani analishika, na nani anahakikisha hesabu yake. Vikundi vyenye maswali vimpe katibu wa mtaa mbele ya siku ya ine.