Jiwe letu linasikiliza mbingu, na sisi je?

Ndugu wachimbaji wa Rutshuru na Masisi, na ninyi mama na watoto munaowangojea nyumbani: leo tunazungumza juu ya kazi ya wataalamu wa mbali, kwa sababu jiwe letu iko ndani yake.

Kule Marekani kuna mitambo miwili inayoitwa LIGO. Kila mmoja uko na mikono miwili ya kilometa 4, na vioo ku ncha. Tarehe 14 Septemba 2015 ilisikia, kwa mara ya kwanza, mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana mbali sana mbinguni. Shimo jeusi ni kitu kilichojikaza mno, hata mwanga hautoki. Yale wanasikia mpaka sasa ni makubwa, na mengi yanafikiriwa kuzaliwa na nyota zilizokufa.

Sasa wanatafuta madogo. Hawking aliandika mwaka 1971 kwamba pengine mengine yalizaliwa mwanzoni kabisa wa ulimwengu, mbele nyota yoyote iwake. Lenye uzito wa dunia yetu nzima lingekuwa na upana wa karibu sentimeta 2, kama kokoto mkononi. Likipatikana moja jepesi kuliko jua, nyota haiwezi kuwa mama yake. Bado hakuna lililothibitishwa, kwani sauti yao ni ndogo.

Njo maana Ulaya inapanga mtambo mpya, Einstein Telescope, chini ya udongo mita 200 hadi 300, mbali na kelele za upepo na magari. Pahali pamoja panapofikiriwa ni Sos Enattos, kisiwani Sardinia: mgodi wa zamani. Shimo lililokwisha madini linatafutiwa kazi mpya kwa sababu ya utulivu wake. Sisi hapa tunaijua Lueshe: ilitoa niobi, kisha kazi ikasimama. Nani aliifikiria tena?

Na lile jiwe? Vioo vya LIGO vimepakwa tabaka nyembamba za oksidi ya tantali. Tantali inatoka mu koltani, jiwe la aina ileile munabeba mugongoni. Mnunuzi anawaambia bei ya kilo, basi. Kazi ya jiwe hakuna anayewaambia.

Tunasema wazi: hiyo si haki. Sheria ya madini ya 2018 inatenga asilimia 10 ya redevansi kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi hivyo njo watoto wenu, wale wanaoacha masomo wakabebe mifuko. Sehemu ya pesa hizo iwafikie mu madarasa ya fizikia, hapa Rutshuru. Wakubwa wa mfuko watuonyeshe imefika wapi.

Jiwe likienda, maarifa yake yarudi.