Kipupwe Msituni Pugu

Kipupwe kimewadia. Kati ya Juni na Agosti jua la Dar es Salaam hupunguza ukali, njia za msituni hukauka baada ya masika, na miguu hutamani safari. Ndugu zetu wa Temeke na Kinondoni waliojikusanya kwa matembezi ya kutazama wanyama wanafanya vema kuchagua Pugu. Wengi wetu twaijua kwa misheni yake, na kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Msitu wa jirani, Pugu-Kazimzumbwi, hatuujui.

Ushauri wetu ni kwenda jioni, pamoja na mwongozaji wa hifadhi, kwa kuwa komba hutoka usiku. Yumo mmoja mdogo ajabu, komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Wataalamu walimtambua kuwa spishi ya pekee mwaka 1997. Duniani kote haonekani ila katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania.

Adui wake ni jiko letu. Miti ya Pugu imekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa, na gunia halisafiri mbali kufika mlangoni petu. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaoyaita matembezi haya starehe ya wenye nafasi: aliyekwisha kusikia mlio wa komba gizani humuuliza muuza mkaa kwamba umetoka wapi.

Tochi ziwe na mwanga hafifu, mwekundu ikiwezekana. Macho ya komba ni makubwa, na mwanga mkali humsumbua.