Kama bonanza ni lazima, lilipwe

SAFU YA JUMAPILI
Na Saida Mbwana

Tangazo huingia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi Jumatano jioni: bonanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, kuhudhuria ni lazima, fulana zichukuliwe mapokezi. Wachangamfu hujibu kwa alama za makofi. Wakimya hunyamaza, kila mmoja akiona siku yake ya mapumziko inavyokwenda: kuvuta kamba, kukimbia na yai kwenye kijiko, kisha MC kumwita kwa maikrofoni “yule dada aliyejificha nyuma” aje mbele acheze.

Akikataa, ataambiwa anaringa.

Wengi wa wakimya hawa hawana kiburi, na si wote wenye haya. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliwaeleza mwaka 1921 katika kitabu chake kuhusu aina za haiba kuwa ni watu ambao fikra zao huelekea ndani zaidi kuliko nje. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzungumza vizuri kabisa kwenye kikao cha kazi, au na mwenzake mmoja wakati wa chakula cha mchana. Kinachomchosha ni kushinda kutwa katikati ya kelele na umati, akitakiwa aonekane amefurahi.

Tatizo huwa kubwa pale furaha hiyo inapoanza kupimwa. Huko Ufaransa, kampuni ya ushauri ya Cubik Partners ilimfukuza mfanyakazi wake mmoja mwaka 2015. Miongoni mwa aliyolaumiwa ni kutoendana na utamaduni wa kampuni wa kufanya kazi kwa raha na mizaha, ikiwamo mikusanyiko ya mwisho wa wiki ambako pombe ilinyweka kupita kiasi. Alishindwa Mahakama ya Rufani ya Paris mwaka 2021, lakini Novemba 9, 2022, mahakama ya juu, Cour de cassation, ilimpa haki: kukataa kushiriki mambo yale ni sehemu ya uhuru wake wa kujieleza, na mtu hafukuzwi kazi kwa kuutumia uhuru huo.

Hapa Tanzania hakuna haja ya kungoja kesi ya namna hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi wa kawaida, asiye meneja, kikomo cha saa 45 kwa wiki. Saa za ziada zinatakiwa ziwe kwa makubaliano, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Sheria haijataja bonanza. Lakini shughuli inayoitishwa na bosi, yenye daftari la mahudhurio na karipio kwa asiyefika, ina tofauti gani na kazi? Mwajiri achague moja: ama ni kazi, ifanyike ndani ya saa za kazi au ilipwe, ama ni starehe, na asiyetaka abaki nyumbani bila kuulizwa.

Waajiri wana hoja yao, na ina uzito. Watu waliowahi kula na kucheka pamoja hupigiana simu kwa wepesi mambo yanapoharibika ofisini. Ila kujuana hakuhitaji spika kubwa. Chakula cha mchana cha idara siku ya Ijumaa, watu sita mezani, humfungua mkimya kuliko tamasha zima ufukweni. Hata kwenye bonanza lenyewe zipo kazi zinazomfaa: kuandika matokeo, kupiga picha, kusimamia jiko la nyama. Na akiaga saa saba mchana, aagwe vizuri.

Desemba inakuja na tathmini zake. Maofisa utumishi ambao fomu zao zina kipengele cha “ushiriki katika shughuli za kijamii” wakifute mwaka huu, kabla mhasibu anayefunga hesabu bila kosa hajanyimwa alama kwa sababu hakucheza muziki.